Kuvuka Barabara kwa Kigari cha Gofu

Kila Jumapili baada ya ibada mnanizunguka pale nje, ninyi vijana wa La Rochelle hapa Johannesburg mliopata kazi kule kaskazini kwenye esteti, ile mitaa iliyozungushiwa ukuta yenye viwanja vya gofu, na swali lenu ni lile lile. "Papa Bahati, kigari cha gofu kinaruhusiwa kutembea barabarani au hakiruhusiwi?" Bon. Nilifanya kazi na vigari hivyo tangu 2015 hadi nilipopumzika mwaka 2019, na jibu langu ni kwamba sijui vizuri. Mke wangu ananiambia nione haya, mtu mzima miaka minne kwenye kazi moja halafu hajui. Lakini mimi najua watu waliosoma sheria mpaka wakaota mvi na wao hawakujua, sembuse mimi dereva wa lori wa Bukavu.

Ninachoweza kuwapa ni kingine. Nitawaeleza jinsi mama mmoja mzee alivyokaa siku kumi na tisa bila njia yake ya kuvuka barabara kwenda kwa mume wake, na jinsi kosa lilivyokuwa langu, na jinsi nilivyojificha ndani ya sheria ambayo hakuna aliyeielewa. Sijawahi kulisema hili kanisani. Nimeliandika ili nisilazimike kulisema kwa mdomo.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Nilipofika Johannesburg nilikuwa mlinzi Doornfontein, nalinda karakana ya kushona viti vya magari. Ndugu mmoja wa kanisani akaniambia kuna esteti inatafuta mtu wa kuosha na kuchaji vigari. Nikaenda, taksi mbili kwenda, zile basi ndogo, taksi mbili kurudi. Nikampata mzee Sithole, mkuu wa banda la vigari. Wote walimwita Madala, yaani mzee kwa lugha yao, nami nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa na kofia ya sufu hata wakati wa joto, na hakupenda maneno mengi kabla ya chai.

Wiki ya kwanza nikaharibu. Betri za vigari vile zinanywa maji, lakini si maji ya bomba, ni yale yaliyosafishwa yanayouzwa kwa dumu. Tena unayaongeza baada ya kuchaji, si kabla, kwa sababu zikichajiwa zimejaa zinachemka na kutapika asidi. Mimi nikajaza ya bomba, nikajaza mpaka juu, ndipo nikachomeka chaja. Asubuhi sakafu ilikuwa inatoa povu, na suruali yangu niliyopigia magoti pale ikatoboka matobo mawili. Madala aliangalia sakafu, akaangalia suruali, akasema, "Eish." Kisha akaenda kutafuta chai yake.

Halafu mshike hili: kigari cha umeme hakingurumi. Kikiwa kimewashwa na kikiwa kimezimwa, ukimya ni ule ule. Kwa hiyo ukishuka, kanyaga breki mpaka usikie "kta," geuza ufunguo, toa, tia mfukoni. Usimwamini mgeni. Kulikuwa na bwana mmoja aliyeinama kuchukua kinywaji chake sakafuni, kumbe ameweka mkono kwenye pedali. Kigari kikaondoka na kinywaji na fimbo zote, kikaingia bwawani taratibu, bila haraka. Tulikitoa na kamba. Yule bwana alikuwa anatuuliza sisi kwa nini kimeondoka.

Na kona, jamani. Kigari hakina mlango wala uzito. Ukikata kona kwa nguvu kwenda kushoto, abiria wako anabaki hewani upande wa kulia. Mwambie ashike chuma kabla hujaanza, hata kama ni mkubwa wa benki.

Sasa barabara. Esteti yetu ilikuwa imekatwa vipande viwili na barabara ya mji, yenye taksi na malori ya mchanga. Upande mmoja nyumba na uwanja, upande wa pili nyumba ya kutunzia wazee wagonjwa. Mageti hayakutazamana. Ukitoka geti letu ulikata kulia, ukatembea barabarani kama hatua sitini, ndipo ukaingia geti la pili. Hatua sitini tu. Lakini hizo hatua sitini ndizo zilizotusumbua akili wote.

Mama Naidoo alikuwa anaishi upande wetu. Alikuwa na miaka themanini na kitu, mwembamba, magoti yameisha, macho hafifu. Gari lake alikuwa ameshaliuza. Mume wake alikuwa upande wa pili, ugonjwa wa kusahau umemkamata. Alikuwa mwalimu wa hesabu zamani. Mama Naidoo alinieleza kwamba wauguzi wamemwambia aje kila siku, saa ile ile, na chai ile ile, kwa sababu kile ambacho mzee anakiona kila siku ndicho anachobaki nacho. "Nikikosa siku mbili tatu, Bahati," alisema, "ananitafuta usoni." Aliniita Bahati, jina la mwanangu. Nilimsahihisha mara tatu, kisha nikaacha, nikakubali kuwa mwanangu.

Basi kazi hiyo ikawa yangu. Kila asubuhi saa nne kasoro namchukua mlangoni, na chupa yake ya chai magotini, namvusha. Nilifanya hivyo mwaka na zaidi. Njiani ananipa habari za mzee: jana amecheka, jana amemaliza uji, jana amemwita kwa jina lake la usichana. Nami najibu, "Mungu ni mwema, Mama." Nilikuwa napenda ile safari kuliko kazi nyingine zote.

Je, ilikuwa halali? Hapo ndipo mnaponiulizia kila Jumapili. Hakuna aliyeuliza. Madala aliikuta inafanyika hivyo, mimi nikaikuta kwa Madala.

Sasa sikilizeni jambo ambalo ninyi mliozaliwa hapa hamtalijua mpaka mtu awaambie. Huku tunaendesha kushoto, na magari ya huku yana usukani upande wa kulia. Kwetu Kongo ni kinyume, tunaendesha kulia na usukani uko kushoto. Na kigari cha gofu, kwa kuwa kimetengenezwa kwa wanaoendesha kama sisi, usukani wake uko kushoto. Mnaona mtego? Nikikaa kwenye gari la huku, mwili wangu unajua niko ugenini na unakaa macho. Lakini nikikaa kwenye kigari cha gofu, mikono inashika usukani upande ule ule nilioushika miaka ishirini na miwili kwenye lori, Bukavu kwenda Uvira, na mwili unasema, aa, tumerudi nyumbani. Mazoea yana taabu. Mwaka mzima nilikuwa nawaza kila nikifika getini: kushoto, Papa, kushoto. Balaa ikaja siku moja niliyosahau kuwaza.

Siku hiyo kaka yangu alipiga simu kutoka Bukavu. Lori letu la zamani, lile nililomwachia, limeuzwa kama vyuma chakavu. Nikamwuliza hata injini? Hata injini. Nilikata simu mbele ya nyumba ya Mama Naidoo, nikamsaidia kupanda, tukaenda. Kichwa changu kilikuwa bado kwenye zile kona za kushuka Uvira. Tukafika getini. Nikaangalia kushoto kwanza, kama tunavyofanya kwetu, nikaona hakuna kitu, nikakata kulia na kukaa upande wa kulia. Kwa utulivu kabisa. Hata nilikuwa najisikia vizuri.

Pikapu nyeupe ikatokea mbele yangu, uso kwa uso. Nilijiuliza, na hili ndilo linalonichanganya mpaka leo, nilijiuliza yule mwendawazimu anafanya nini upande wangu. Sikuwaza kwamba mwendawazimu ni mimi. Yeye akakwepa, akapiga honi ndefu, akatoa mkono dirishani kunitukana, akaenda zake. Mimi nikavutia kulia, gurudumu la mbele la kulia likagonga ukingo wa barabara, likavunjika. Tukasimama majanini.

Mama Naidoo hakuumia. Chai ilikuwa imemwagikia sketi yake, naye alikuwa anajaribu kuifunga chupa. "Nini kimetokea, Bahati?"

Nikasema, "Pikapu, Mama. Imekuja kwa kasi."

Ndiyo maneno yenyewe. Hakuna hata moja lililo uongo, na yote pamoja ni uongo.

Mlinzi wa geti alikuwa anaangalia simu yake. Hakuna aliyeona. Meneja wetu, Bwana Kobus, mtu mkubwa mwenye moyo mwepesi wa kuogopa, alikuja mbio na karatasi. Nikamwambia yale yale, pikapu, kasi. Akaandika: barabara ya hatari. Kisha akasimama na kalamu hewani, akauliza kile ambacho hakuna aliyewahi kuuliza. "Lakini, hivi vigari vinaruhusiwa kuwa hapa?" Akafunga njia siku hiyo hiyo. Hakuna kigari kutoka nje ya geti mpaka sheria ieleweke.

Ieleweke na nani sasa? Tulianza na wakili mmoja aliyekuwa anaishi mle esteti. Alikuja bandani na miwani kwenye paji la uso. Akatueleza kwamba barabara ya umma haitegemei ni ya nani, inategemea nani ana haki ya kupita, na hata kundi dogo tu la umma likiwa na haki hiyo inatosha. Kwa hiyo, akasema, hata hizi barabara za ndani ya ukuta wetu huenda ni za umma. Bwana Kobus akakaa juu ya kreti ya maji. "Unataka kusema tumekuwa barabarani siku zote?" Wakili akasema huenda. Madala akaniuliza kwa sauti ya chini kama banda tulilosimama ndani yake nalo ni barabara.

Kisha akaja polisi wa barabara, kijana mpole. Akakizunguka kigari mara mbili. Akasema hakina namba, kwa hiyo hakiwezi kutoka. Bwana Kobus akamwambia basi tutakiandikisha tupate namba. Polisi akasema hakiwezi kuandikishwa bila kukaguliwa, na hakiwezi kupita ukaguzi kikiwa hivi. Tukamwuliza, na tukivuka tu, moja kwa moja, bila kutembea barabarani? Akafikiri. Akasema kuvuka ni kitu kingine. Tukauliza kitu gani. Akasema atauliza ofisini. Alikuwa bado anauliza nilipostaafu.

Mtu wa bima yeye alisema kwa simu kwamba kama sheria inakubali, wao wanakubali. Na kama haikubali? Basi hawakubali. Hilo hata Madala alilielewa.

Leseni nayo. Yangu ilikuwa ya Kongo, ya Kifaransa, imekunjwa mpaka inakatika kwenye mikunjo. Wakili alisema kwa barabara ya umma dereva lazima awe na leseni inayotambuliwa. Bwana Kobus alisema lakini hiki si gari. Wakili akasema kina injini ya kukisukuma na kinabeba watu, sasa kama si gari ni mbuzi? Walibishana nusu saa. Mimi nilikuwa nafuta kiti kimoja kile kile.

Na kila asubuhi, saa nne kasoro, Mama Naidoo alikuja bandani. Alikuwa anatembea na fimbo yake toka nyumbani, taratibu, anapumzika kila penye ukuta, na chupa ya chai kwapani. Anasimama mlangoni. "Sheria imesema nini leo, Bahati?"

"Bado, Mama."

"Kesho?"

"Labda kesho."

Mtasema, kwa nini asiende kwa gari? Jirani alimpeleka mara mbili, siku za mwanzo. Mara ya tatu alikuwa na shughuli, na Mama Naidoo hakupenda kumsumbua mtu. Watoto wake walikuwa ng'ambo. Teksi za kuita kwa simu, hakujua kuziita, na dereva akifika getini anadaiwa namba ya siri ambayo Mama ameisahau. Nilimwitia moja mimi mwenyewe. Dereva alipoona ni safari ya hatua sitini akafuta, akaondoka. Kwa miguu hakuweza. Banda lilikuwa karibu, lakini lile geti la pili lilikuwa juu ya mlima.

Nilijua dawa. Bwana Kobus alikuwa ameandika barabara ya hatari kwa sababu yangu. Kama ningesema kosa ni la dereva, barabara ingetoka kwenye karatasi na mimi ningeingia. Na nikiingia, nani atamwacha Mkongo asiye na leseni ya huku kazini? Nilikuwa na watoto watatu shuleni, na karatasi yangu ya ukimbizi ilikuwa inakaribia kwisha. Nikajiambia, ngoja, pengine sheria itatoka upande wetu. Nilianza hata kuwasikiliza wale wakubwa kwa hamu, naomba wasikubaliane. Wakizidi kuchanganyikiwa, mimi nazidi kupumua. Hilo ndilo linaloniumiza nikilikumbuka, kuliko hata pikapu.

Siku ya kumi na nane Mama Naidoo hakuuliza kuhusu sheria. Alikaa kwenye kreti, akanywa chai yake mwenyewe kwenye kifuniko cha chupa. Akasema, "Muuguzi amenipigia. Mzee ameacha kuuliza habari zangu." Alisema bila kulia. Kisha akanimiminia na mimi. Nikaipokea, nikaiweka chini.

Alipoondoka, Madala alizima kiredio chake. "Ninyi kule kwenu mnaendesha upande gani?"

Nikasema kulia.

"Nilidhani hivyo," akasema. "Lile gurudumu limevunjika upande usiofaa. Aliyekuwa kushoto angevunja la kushoto." Akawasha kiredio tena, akaendelea kufuta betri.

Alikuwa amejua toka siku ya kwanza. Sijui kwa nini hakusema. Mara nyingine nafikiri alinihurumia, mara nyingine nafikiri alikuwa ananipa kamba ndefu nijifunge mwenyewe. Wazee wetu walisema mficha uchi hazai. Asubuhi yake nikaenda ofisini kwa Bwana Kobus, nikavua kofia, nikamweleza yote, Bukavu, usukani, kushoto, kulia. Alinisikiliza mdomo wazi. Akainuka, akakaa kwenye kiti chake kama dereva, akashika usukani wa hewani, akajigeuza huku na huku akijaribu kuelewa. "Kwa hiyo barabara haina shida?"

"Barabara haina shida, bwana. Shida ni mimi."

Nilidhani atafurahi au atanifukuza. Alifanya yote nusu nusu. Kuendesha nje ya geti nikakatazwa, na nikarudishwa kuosha na kuchaji. Njia ikafunguliwa saa ile ile, kwa utaratibu mpya: walifungua geti la zamani la matrekta lililotazamana na lile la pili, ili kigari kivuke moja kwa moja bila kutembea barabarani. Walinzi wawili wenye bendera nyekundu wanasimamisha magari. Dereva lazima awe na leseni ya huku. Na Madala akatoa agizo lake mwenyewe kwa kila mgeni aliyeajiriwa kutoka kwetu: kwenye kigari, huku, makalio ya dereva yanakaa upande wa majani, si upande wa katikati ya barabara. Hilo lishikeni, litawaokoa. Kama huo utaratibu wa bendera ni halali, sijui. Wakili alisema huenda.

Asubuhi ile ile Madala akashika usukani kumpeleka Mama Naidoo. Nilikuwa nimemweleza Mama mlangoni kwake, nimesimama, kila kitu. Nilisubiri anitukane. Akasema, "Panda nyuma. Utanibebea chai."

Tukavuka. Ilichukua muda mfupi kuliko kusema Baba Yetu. Nikamshika mkono mpaka chumbani.

Mzee Naidoo alikuwa amekaa dirishani, amevaa shati safi, amechanwa nywele. Alipotuona aliinuka, mtu wa adabu, akavuta kiti kwa mikono miwili akamwekea. Mimi nikaweka chupa mezani. Alimshukuru Mama kwa kuja kumtembelea, akamwuliza jina lake, akamwuliza kama ametoka mbali.

Mama Naidoo akakaa. Akafungua chupa, akammiminia.

"Hapana," akamjibu. "Hapo ng'ambo ya barabara tu."